Kusahihisha Ramani ya Nyumba: Yaliyonipata Kimara

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu wetu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya makazi. Nilimjibu kwamba mimi si mhandisi wala si mchora ramani. Nilikuwa mhasibu kwa miaka 35, na tangu 2023 ni mstaafu. Juu ya maendeleo ya makazi kwa jumla sina la kuwaambieni ambalo hamjalisikia redioni. Lakini juu ya nyumba moja, iliyoko Kimara, ambayo nusura niijenge vibaya kwa fedha za kiinua mgongo changu, ninayo maneno mengi. Akasema hayo yatatosha.

Wenzangu wa mikoani pengine hawaijui Kimara ya sasa. Sisi tulipomaliza kidato cha nne mwaka 1981, ukisema unakwenda Kimara watu walidhani unakwenda shamba. Leo ni mji mtupu, mlima kwa mlima na bonde kwa bonde, kando ya Barabara ya Morogoro, kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji. Zamani ilihesabiwa Kinondoni. Sasa iko katika Manispaa ya Ubungo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwezi Mei 2016 yaligeuzia hapo. Kiwanja changu nilikinunua miaka mingi nyuma kwa mwenye shamba, hatua 30 kwa 25, tukapima kwa miguu, shahidi akiwa mjumbe wa nyumba kumi. Kiko ndani, mbali na barabara kuu, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Wapo waliokuwa na ramani nzuri kuliko yangu. Kabla ya kuuliza nyumba itakaaje, ulizeni kwanza ardhi ile imekaaje. Hilo nalitaja tu nipite, kwa kuwa si ndilo lililonileta.

Ramani yangu ya kwanza niliipata katika simu. Kijana wangu alinionyesha picha ya nyumba, nami nikapenda paa. Lilikuwa na migongo mingi inayopandana, na upande wa mbele madirisha makubwa ya vioo kutoka kiunoni hadi karibu na dari. Nawaambieni ukweli, wenzangu: nilikuwa nawafikiria ninyi. Nilitaka siku mtakapokuja kunitembelea, mkiwa bado barabarani, mseme, "Kumbe yule naye!" Nikampelekea mchora ramani picha ile, akaichora vizuri kabisa, mita 12 kwa 9. Kulikuwa na sebule, chumba cha kulia chakula, jiko, stoo, vyumba vinne vya kulala, kimoja kikiwa na bafu lake, na korido ya sentimita 90 yenye umbo la herufi L. Sina lawama kwake. Nilimwomba paa akanipa paa.

Kiwanja changu kiko kwenye kona: barabara moja ya mtaa inapita kaskazini, nyingine magharibi. Wanaopita na magari hupita magharibi. Kwa hiyo niliagiza uso wa nyumba utazame magharibi. Fundi akaanza kuchimba msingi. Siku ya tatu, Jumapili moja ya mwezi Julai 2024, nikawaleta nyumbani kwetu wote wapaone: mke wangu, watoto, na mama yangu mzazi.

Hapa nieleze kidogo habari za mama. Ana miaka zaidi ya 80. Tangu baba afariki amekuwa akiishi Manzese kwa dada yangu, katika nyumba ile ile tuliyokulia. Mimi ndiye mwanaye mkubwa, na nyumba hii ya Kimara sababu yake kubwa ilikuwa ni yeye. Nilikwisha kumwambia, "Mama, utakuja kukaa kwangu upumzike." Naye alikubali.

Basi tulipofika nikaitandaza ramani juu ya rundo la matofali. Mama alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, ile kampeni iliyopamba moto tangu mwaka 1970, na hadi leo hapitwi na maandishi. Akavaa miwani yake, akaiinamia karatasi, akawa anasoma chumba kimoja kimoja kwa sauti, kidole kikifuata. Akafika kwenye kona ya nyuma. "Chumba cha mgeni," akasoma. Akauliza, "Huyu mgeni ni nani?"

Nikamwambia, "Hicho ndicho chako, mama."

Akasema, "Aa. Kumbe mgeni ni mimi."

Hakusema kwa hasira. Alikunja miwani akaiweka katika pochi yake. Mke wangu akanitazama, nami nikatazama mfereji wa msingi.

Baadaye kidogo mama akauliza tena: "Na usiku nikitaka kwenda msalani, napita wapi?" Sikuweza kumwonyesha kwenye karatasi akaelewa, na kusema kweli mwenyewe sikuelewa. Fundi alikuwa na gunia la majivu aliyopewa na jirani. Nikamwomba tuichore nyumba nzima chini kwa majivu, kuta zote na milango yote, kwa vipimo vyake halisi. Kazi hiyo ilituchukua muda wa saa moja na nusu. Kisha nikamshika mama mkono tukatembea kutoka mlango wa chumba chake hadi choo. Hatua 19 na kona mbili, na mahali pamoja kidato cha kushuka.

Ndugu zangu, kuanzia hapo nyumba ile ikaanza kujisema yenyewe. Mke wangu aliingia katika jiko la majivu, akanyoosha mikono yote miwili, ikavuka ukuta huku na huku. Akauliza maharage yatachemkia wapi, maana gesi tunayo lakini hatupikii maharage wala pilau ya watu hamsini. Akauliza kinu kitakaa wapi. Mama yeye alikuwa amekuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa kuwa tulipanga kupika hapo hapo kwa jirani. Akaichukua, akazunguka nayo ndani ya ile michoro ya majivu akitafuta mahali pa kuiweka akae. Sebuleni hapana, jikoni hapatoshi, koridoni utakanyagwa. Mwishowe akatoka nje ya nyumba kabisa, upande wa kusini kunakoteremkia bondeni, akaiweka mbuzi chini, akaketi. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. "Hapa," akasema.

Ilipofika saa tisa na nusu alasiri mimi nilisimama penye madirisha yangu makubwa ya vioo. Jua lilinipiga machoni hata nikashindwa kuiona barabara ambayo nilitaka watu wanionee kutoka huko.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikakumbuka vitu viwili. Cha kwanza ni bweni letu, lile la zamani karibu na uwanja wa mpira, ambalo wengi wenu mmelilala na vijana hawa wanalilala bado. Mnajua jinsi lilivyo na ubaridi mchana, hata mwezi wa Januari. Tulidhani ni unene wa kuta. Marehemu mwalimu wetu wa Jiografia aliwahi kututoa nje darasa zima, akatuonyesha kwamba bweni lile limelazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yote yakitazama kaskazini na kusini, dirisha kwa dirisha, na kuta mbili fupi zinazopokea jua la asubuhi na la jioni hazina dirisha hata moja. Wengine tulikuwa tukisinzia. Miaka 43 baadaye nikalielewa somo.

Nitalieleza kwa ajili ya vijana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita utosini. Kati ya Machi na Oktoba hupita upande wa kaskazini. Miezi mingine hupita kusini. Lakini halishuki sana upande wowote. Katika Juni, linapokuwa limejitenga kuliko siku zote, saa sita mchana huwa bado liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo paa likitokeza sentimita 90 tu nje ya ukuta wa kaskazini, hutupa kivuli cha mita moja na nusu ukutani, na dirisha limekingwa. Kusini, katika Desemba, jua huwa juu zaidi, na sentimita 90 zile zile hufunika ukuta mzima. Bali jua la saa kumi jioni linakuja limelala, moja kwa moja kutoka magharibi, na hakuna paa la kulizuia. Nyumba yangu ilikuwa imelipa jua hilo mita 12 nzima za uso wake, tena za vioo.

Na upepo ni vivyo hivyo. Kusi huja kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Mabaharia wetu walisafiri kwa pepo hizo mbili kwa karne nyingi. Nyumba yenye madirisha kaskazini na kusini huzipokea zote, na moshi wa jiko lililo magharibi huondoka nyumbani majira yote ya mwaka, kwa kuwa pepo zote mbili huusukuma upande huo.

Kitu cha pili nilichokumbuka ni nyumba ya Manzese. Mnazijua nyumba za Kiswahili za Dar es Salaam: korido moja katikati iliyonyooka kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mbele baraza, nyuma ua wenye jiko, stoo, choo na bafu. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilipobomoa mabanda mabovu ya Magomeni na kujenga upya kwa matofali ya saruji, halikuiacha ramani hiyo. Sisemi nyumba zile hazikuwa na taabu. Tulikuwa familia sita na choo kimoja, chumba kina dirisha moja kama la kuuzia karanga, na siri za mtu zilivuka juu ya kuta zisizofika darini. Sina hamu ya kurudi huko. Lakini mama alipikia uani miaka 50, akasuka nywele uani, akalea wajukuu uani. Ramani yangu ya kisasa ilikuwa imechukua shida zote za nyumba ile ikaziondoa, na pamoja nazo ikauondoa ua.

Lipo na jambo jingine, ambalo si la kuzungumza penye sherehe, lakini nitalisema kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Miaka michache iliyopita nilihudhuria msiba wa jamaa mmoja huko huko upande wetu. Nyumba nzuri, imekamilika, ina kila kitu. Ilipofika wakati wa kumtoa marehemu, jeneza halikuweza kukata kona ya korido. Walijaribu kulilaza na kulisimamisha. Mwishowe waling'oa nondo za dirisha wakalipitisha dirishani, watoto wake wakitazama. Nilirudi kwangu na kuisahau habari hiyo, nikachora korido ile ile.

Safari hii sikusahau. Asubuhi yake nilikata kipande cha boksi. Ramani yangu ilichorwa kwa kipimo cha moja kwa hamsini, yaani sentimita mbili za karatasi ni mita moja ya nyumba. Jeneza la mita 2 kwa sentimita 60 likawa kipande cha sentimita 4 kwa 1.2. Nikakisukuma katika korido yangu kwa kidole. Kilifika kwenye kona kikakwama. Kwa korido ya sentimita 90 pande zote mbili, kitu chenye upana huo hakipiti kona kikizidi mita 1.35 kwa urefu. Ukiipanua korido hadi mita 1.2, hupita kitu cha karibu mita 2.2. Wanafunzi wa Hisabati mnaweza kulithibitisha hilo jioni hii. Na msidhani ni habari ya misiba tu. Kitanda, kabati na friji hupita njia hiyo hiyo, na pia mgonjwa anayeshikwa na watu wawili. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua hili zamani. Walitenga chumba cha ndani kabisa kwa ajili ya mzazi na kwa ajili ya kuosha maiti. Sisi tunatenga mahali pa televisheni.

Basi nikamsimamisha fundi. Hakufurahi, na nilimlipa siku zake zote, pamoja na kufukia mfereji aliokwisha kuchimba. Nikarudi kwa mchora ramani, tukachora upya, na kwa kuwa kibali cha ujenzi hutolewa kwa ramani iliyowasilishwa, ilibidi ramani mpya ipelekwe tena na kusubiriwa. Ilinichukua miezi miwili na fedha ambazo nilikwisha kuzipangia mabati. Kijana wangu alinung'unika sana juu ya paa.

Nyumba ni ile ile ya mita 12 kwa 9. Tuliigeuza. Sasa upande mrefu unatazama kaskazini, kwenye barabara ndogo ya mtaa wasikopita watu wengi. Faida ya kwanza ilionekana hata kabla ya jua kuhesabiwa. Kiwanja changu huteremka mita moja kwa kila mita kumi kuelekea kusini, na nyumba ya zamani ilikuwa imelazwa kufuata mteremko, kwa hiyo msingi wa chini ungepaswa kunyanyuliwa mita 1.2. Ikilazwa kukingama mteremko, tofauti ni sentimita 90. Fundi aliyekuwa amenuna alipiga hesabu za mawe na kifusi, akaanza kucheka.

Chumba cha kulia chakula tulikifuta. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho sisi wote tulikula mezani saa moja, nikakosa jibu. Eneo lake likaenda kwenye korido, ambayo sasa imenyooka na ina mita 1.2, na lililobaki likaingia sebuleni. Jiko, stoo na bafu vimekwenda mwisho wa magharibi. Hivyo vipokee jua la jioni badala yetu. Mabomba yamekuwa mafupi, na shimo la maji machafu liko chini kabisa ya kiwanja. Jiko lina mlango wa kutokea kwenye baraza la nyuma, upana wa mita 2, linalotazama ua upande wa kusini. Katika miezi ya kusi nyumba yenyewe hulitilia baraza kivuli, na katika kaskazi paa lake linatosha. Pembeni mwa jiko ndipo litakapokaa tangi la maji ya mvua. Wakaaji wa siku nyingi wa Kimara hawahitaji kuelezwa habari ya madumu. Mimi niliwaambia wanangu hivi tu, kwamba mvua ya milimita 10 juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 1,000, na wao ndio wangezibeba. Paa sasa lina mgongo mmoja. Ni paa la kawaida kabisa, wenzangu, mtalipita bila kuliona.

Chumba cha mama kiko upande wa kusini, jirani na bafu. Mlango mmoja unatoka koridoni, mwingine unatoka barazani. Dirisha ni la kusini, na juu ya mlango wa korido tumeacha matundu ya hewa ili upepo usiingie ukakwama. Hakuna kidato popote kati ya kitanda chake na choo. Tuliichora nayo chini kwa majivu kabla ya kushika jembe, na safari hii nikamwacha atembee peke yake. Hatua tano. Kisha akatoka kwa mlango wa baraza akiwa na mbuzi yake ya nazi. Kwenye ramani hiyo ya pili chumba kimeandikwa "Mama".

Hivi ninavyozungumza kuta zimefika kwenye linta. Fedha zimepungua, kwa hiyo tutapumzika kidogo kabla ya kenchi. Mama huja kila mwisho wa mwezi kukagua, na amekwisha kupanda mlimau uani, mahali ambapo fundi anasema atapita na toroli.

Nimekuja na ramani zote mbili, ya kwanza na ya pili. Ziko juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na rula na kile kipande cha boksi. Ile ya pili bado ina kosa moja, la milango, ambalo fundi aliligundua wiki iliyopita na ambalo mimi, mchora ramani na mke wangu wote tulilipita. Mwanafunzi atakayeliona kabla ya chakula cha mchana na aje aniambie.